Wakala mpya wa mafao: anza na malipo madogo, na orodha ya wanufaika isitoke mikononi mwako

Mleta mada

Habari za wakati huu, wakuu.

Kila serikali inapotangaza kuunda chombo kipya cha kulipa mafao ya hifadhi ya jamii, mjadala huwa ni ule ule: mkurugenzi atakuwa nani, makao makuu yatakuwa wapi, watumishi wangapi watahamishwa. Mambo mawili ambayo ndiyo yanaamua kama mjane atalipwa tarehe yake au atazungushwa huwa hayaguswi. La kwanza ni mpangilio: chombo kinaanza na fao gani, na lile zito kinalibeba lini. La pili ni nani anashika orodha ya wanufaika pamoja na njia ya fedha kuwafikia. Nimefuatilia vyombo vya namna hii kwenye nchi tofauti, na kila ninapotafuta chanzo cha chombo kuyumba, najikuta narudi kwenye mambo hayo mawili.

Nianze na Uskoti, kwa sababu ni mfano wa juzi tu na kila hatua imeandikwa.

Baada ya kura ya maoni ya Septemba 2014 kuhusu Uskoti kujitenga na Uingereza, tume iliyoongozwa na Lord Smith ilipendekeza sehemu ya mafao iondoke London na kusimamiwa Edinburgh. Mamlaka hayo yalitolewa kwa sheria ya mwaka 2016. Aprili 2018 Bunge la Uskoti likapitisha sheria yake ya hifadhi ya jamii bila kura hata moja ya kupinga, na Septemba mwaka huo huo wakala unaoitwa Social Security Scotland ukaanza kazi, makao makuu yakiwa Dundee na ofisi kubwa ya pili Glasgow.

Sasa angalieni walichofanya mwezi ule ule wa kwanza. Mafao ya ulemavu, ambayo ndiyo mzigo wenyewe, hawakuyagusa. Walilipa nyongeza kwa watu wanaohudumia wagonjwa na walemavu majumbani: pauni 221, mara mbili kwa mwaka. Posho yenyewe ya walezi hao iliendelea kulipwa na wizara ya London kama zamani. Wakala mpya ulichukua majina ya waliokuwa wanapokea posho hiyo katika tarehe iliyopangwa, ukawaingizia nyongeza. Mlezi hakujaza fomu, na wakala haukuhitaji kuamua nani anastahili na nani hastahili, kwa kuwa swali hilo lilishajibiwa kwingine. Kilichobaki kupimwa ni kimoja tu: mfumo wetu unaweza kutoa fedha ikafika kwenye akaunti ya mtu sahihi, kwa kiasi sahihi, siku iliyotajwa?

Desemba 2018 wakaongeza fao la uzazi, pauni 600 kwa mtoto wa kwanza na 300 kwa wanaofuata. Hapo sasa kuna fomu, kuna vigezo vya kukagua, kuna simu za kupokea, lakini bado ni malipo ya mkupuo. Ukikosea, unarekebisha mara moja. Mwaka uliofuata ukaja msaada wa gharama za mazishi. Februari 2021 wakaanza malipo ya mtoto, pauni 10 kwa wiki kwa kila mtoto wa chini ya miaka 6 kwenye familia zenye kipato kidogo. Haya ni malipo ya kujirudia, maana yake unafuatilia mabadiliko ya kila kaya: mtoto kahama, mzazi kapata kazi, umri umepita.

Baada ya hapo ndipo wakagusa ulemavu. Julai 2021 walianza na watoto, tena kwa majaribio kwenye maeneo matatu: Dundee, Perth and Kinross, na visiwa vya Western Isles. Watu wazima wakafuata Machi 2022 kwenye maeneo yale yale, na nchi nzima Agosti. Ile posho ya walezi waliyoiacha London wakaichukua kwa majaribio Novemba 2023, na ikafika nchi nzima Novemba 2024. Hesabuni wenyewe tangu siku ya nyongeza ya kwanza.

Walisemwa sana kwa kuchelewa, na ratiba ya awali ilikuwa imalizike 2021. Hata baada ya kuyachukua mafao ya ulemavu, waombaji wengi walilalamika kwamba maamuzi yanachukua miezi. Hilo ni kosa la kweli na watu waliumia. Lakini katika kuhamisha wanufaika wa zamani kutoka London, walijifunga kwa ahadi kwamba hakuna atakayelazimika kuomba upya na malipo hayatakatika katikati. Bora ratiba irudi nyuma kuliko mtu kukaa mwezi bila kipato kwa sababu jina lake limepotea baina ya ofisi mbili.

Upande wa pili ni Afrika Kusini. Huko ruzuku za jamii zilikuwa zinalipwa na mikoa, kila mmoja na utaratibu wake. Eastern Cape watu wenye ulemavu walikatiwa ruzuku bila hata taarifa, wakaenda mahakamani kwa pamoja, na mwaka 2001 Mahakama ya Rufaa ikawakubalia kushitaki kwa niaba ya maelfu ya wenzao. Chombo cha kitaifa, SASSA, kiliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Aprili 2006. Sababu ya kukiunda ilikuwa nzuri kabisa.

Tatizo likaja kwenye njia ya fedha. Mwaka 2012 kazi ya kulipa nchi nzima ikapewa kampuni moja, Cash Paymaster Services. Kampuni ndiyo iliyosajili wanufaika upya, ikachukua alama za vidole, ikatoa kadi. Novemba 2013 Mahakama ya Katiba ikasema zabuni ile ilitolewa kinyume cha sheria. Sasa unafanyaje? Ukiifukuza kesho, mamilioni hawalipwi. Mahakama ikaagiza zabuni irudiwe na kampuni iendelee kwa muda. SASSA ikaishia kuiambia mahakama kwamba zabuni haitatolewa na kwamba yenyewe italipa moja kwa moja mkataba utakapoisha Machi 2017. Machi 2017 ikafika, SASSA haina uwezo huo. Ruzuku zaidi ya milioni 17 kwa mwezi zikawa zinaning'inia, hadi Mahakama ya Katiba, wiki mbili tu kabla ya mkataba kwisha, ikaagiza kampuni ile ile iliyopatikana kinyume cha sheria iendelee kulipa miezi 12 mingine.

Serikali ilijua wazi kwamba kampuni haikupatikana kihalali, na bado haikuweza kuachana nayo, kwa sababu orodha, alama za vidole na kadi vilikuwa huko.

Na mnufaika aliumia kwa namna nyingine pia. Kampuni za kundi hilo hilo ziliuza mikopo, bima, muda wa maongezi na umeme, na makato yakawa yanatoka kwenye ruzuku kabla bibi hajaiona. Shirika la Black Sash lilipiga kelele kwa miaka kuhusu makato hayo. Mahakama ikaweka sharti kwamba taarifa za wanufaika zitumike kwa kulipa ruzuku tu. Sharti kama hilo linatakiwa liwe ukurasa wa kwanza wa mkataba, siku ya kwanza.

Naomba kuwasilisha.

karani_mstaafu

Mkuu umegusa penyewe. Nimekaa dirisha la madai muda mrefu, kwenye ofisi ambayo sitaitaja, na naomba niongeze kitu ambacho wapangaji wa vyombo hivi hawakioni kutoka juu.

Ugonjwa mkubwa wa kuhamisha kumbukumbu ni majina. Mtu mmoja ana Zainab kwenye cheti cha kuzaliwa, Zainabu kwenye kumbukumbu za mwajiri, na benki wameandika herufi ya kwanza na jina la ukoo tu. Kwenye faili la karatasi karani alikuwa anaona kwamba huyu ni yule yule: picha ipo, saini ipo, mwajiri ni yule yule. Ukihamishia kwenye kanzidata mpya, mashine inaona watu watatu au haioni mtu kabisa. Malipo yanatumwa, benki inayarudisha, fedha inakaa kwenye akaunti ya malipo yaliyorudi, na huku kwenye taarifa ya mwezi inasomeka "imelipwa". Mama anakuja dirishani, karani anamwambia ulishalipwa, nenda benki. Benki wanamwambia hatujapokea kitu. Anaenda hivyo hivyo kati ya milango miwili.

Kwa hiyo kabla ya siku ya kuhama, chukueni kundi dogo la mafaili, myalinganishe moja moja kwa mkono na kilichoingia kwenye mfumo. Na yule anayekaa dirishani apewe uwezo wa kuona malipo yaliyorudi. Ofisi nyingi jambo hilo anaona mhasibu peke yake.

mwananchi_mlipakodi

Nauliza kwa nia njema. Kwa nini chombo kipya? Si mishahara mipya, magari mapya, bodi mpya? Idara ya zamani ina watu, ina ofisi. Irekebishwe tu.

Mleta mada

Swali la haki, na mara nyingine jibu ni kwamba hakuna haja. Kama shida ni kiwango cha fao kuwa kidogo, au sheria inawaacha nje wanaostahili, wakala mpya hautabadilisha chochote. Utalipa kiasi kile kile kidogo kwa watu wale wale.

Chombo kipya kina maana pale ambapo muundo wenyewe ndio kizuizi. Uskoti hawakuwa na idara ya kurekebisha, kwa sababu idara ilikuwa mali ya London na sera yake ni ya London. Walitaka, kwa mfano, upimaji wa ulemavu usifanywe na kampuni binafsi, na mgonjwa mahututi asiulizwe kama amebakiwa na miezi sita au la, bali daktari au muuguzi wake aamue. Huwezi kumwagiza mtumishi wa serikali nyingine afuate hayo. Afrika Kusini nako haki ya mtu ilitegemea anaishi mkoa gani, na mikoa isingeweza kujiunganisha yenyewe.

Kuhusu gharama uko sahihi kuibana serikali. Ila katika gharama hizo hesabu pia gharama ya kuendesha mifumo miwili kwa pamoja kipindi cha kuhama. Hiyo hailipwi na hewa, na ndiyo inayofyekwa ya kwanza bajeti ikibanwa.

fundi_mifumo

Mimi nipo kwenye TEHAMA na hapa nitapingana kidogo na mleta mada. Kusema wakala ushike kila kitu ni hatari vile vile. Wakala wa mafao si benki. Baada ya ile kampuni kuondoka Septemba 2018, Afrika Kusini walihamishia kazi kwenye shirika la posta, la umma kabisa, na bado Septemba 2023 mfumo wa Postbank ulikwama, watu wakakosa ruzuku siku yao. Umiliki wa umma peke yake hautengenezi mfumo imara.

Ninachoona ni kutenganisha. Fedha ipite benki yoyote, mtandao wowote wa simu, posta, popote mnufaika anapotaka, na aweze kubadilisha bila kuomba ruhusa. Njia zikiwa nyingi, moja ikikwama wengine wanalipwa.

Mleta mada

Fundi, hapo hatupingani, na umelisema vizuri kuliko nilivyoliandika. Njia za kupitisha fedha ziwe nyingi na ziwe za yeyote. Kinachotakiwa kubaki ndani ya wakala ni orodha: nani anastahili, kiasi gani, tangu lini, alama zake za utambulisho, historia ya malipo yake. Benki ipokee agizo la kuingiza kiasi fulani kwenye akaunti fulani, basi. Haihitaji kujua kwamba hii ni ruzuku ya ulemavu au ya mtoto ili kutimiza agizo hilo.

Kipimo changu ni hiki: mkataba na mlipaji ukivunjwa leo, wakala unaweza kulipa mwezi ujao kwa njia nyingine bila kusajili mtu hata mmoja upya? Kama jibu ni hapana, mwenye orodha ni mlipaji.

Na kutumia mtandao wa umma uliopo si jambo geni. Marekani walipoanza mwaka 1936 kugawa namba za hifadhi ya jamii, bodi iliyoundwa kwa sheria ya 1935 haikuwa na ofisi za kutosha nchi nzima. Posta ndiyo iliyosambaza fomu kwa waajiri na wafanyakazi na kuzikusanya. Lakini kumbukumbu za michango ziliwekwa na bodi yenyewe, kwenye jengo moja kule Baltimore. Posta ilibeba karatasi, bodi ikabaki na daftari.

binti_sheria

Naomba nilete upande wa sheria, maana tumezungumza fedha na mifumo, na mtu anayenyimwa tumemsahau.

Sheria ya Uskoti ya 2018 ina vitu ambavyo ningependa kila mwandishi wa muswada wa aina hii avisome. Inaanza kwa kutamka kwamba hifadhi ya jamii ni haki ya binadamu na kwamba heshima na utu wa mtu viwe kiini cha mfumo. Wengine watasema hayo ni maneno mazuri tu. Tazama basi yanavyoshuka chini. Ukikataa uamuzi, timu tofauti na iliyoamua mwanzo inalichukua ombi lako upya kabisa. Isipomaliza ndani ya muda uliowekwa, una haki ya kwenda moja kwa moja kwenye baraza huru la rufaa, husubiri huruma ya ofisi. Kama fao lako la ulemavu lilipunguzwa au kufutwa na umepinga, unaweza kuomba uendelee kulipwa kiasi cha zamani hadi shauri liishe, na hata ukishindwa hudaiwi kukirudisha.

Hilo la mwisho ni kubwa. Kwenye mifumo mingi mtu hakati rufaa si kwa sababu hana haki, bali hana cha kula wakati anasubiri.

Kingine: serikali imewekewa wajibu wa kuwatafuta wanaostahili na hawajaomba. Kwa kawaida wakala hupimwa kwa kuokoa fedha, na fedha rahisi kuokoa ni ya mtu asiyejua kwamba anastahili. Sheria ikisema kuwatafuta ni wajibu, mtumishi anayetoka kwenda hospitali au kituo cha wazee kuwajazia watu fomu anakuwa anafanya kazi yake. Wakala ule una watumishi wa namna hiyo kwenye kila moja ya halmashauri 32.

Na kanuni za mafao zinakaguliwa na tume huru. Wakala usijikague wenyewe.

mwananchi_mlipakodi

Sawa, lakini udanganyifu je? Wapo wanaojiandikisha mara mbili, wapo wanaolipwa wakati wanafanya kazi. Kompyuta si ndiyo dawa?

fundi_mifumo

Hilo naomba nijibu mimi, kwa mfano wa Australia. Walikuwa na Centrelink, wakala wa kutoa mafao ulioundwa 1997, na kwa muda mrefu watu waliusifia kwa kukusanya huduma mahali pamoja. Kuanzia 2016 serikali ikaweka utaratibu wa kompyuta wa kutafuta waliolipwa zaidi, ambao wananchi waliubatiza Robodebt.

Utaratibu ulikuwa hivi. Inachukuliwa taarifa ya kodi ya mwaka mzima, inagawanywa kwa vipindi 26 vya wiki mbili mbili, halafu inalinganishwa na kipato ambacho mtu aliripoti. Chukua mtu aliyefanya kazi nusu mwaka akapata dola 26,000, kisha kazi ikaisha akaanza kupokea msaada. Kweli yake ni dola 2,000 kila wiki mbili kwa vipindi 13, kisha sifuri. Mashine inasema alipata dola 1,000 kila wiki mbili mwaka mzima, hata wakati ule aliokuwa hana kitu. Kwa hiyo alidanganya, kwa hiyo anadaiwa. Barua inatoka. Na mzigo wa kuthibitisha uko kwake: alete hati za mishahara za miaka kadhaa nyuma, kutoka kwa mwajiri ambaye pengine hayupo tena.

Watu walinyang'anywa fedha halali. Mwaka 2019 serikali ikakubali mahakamani kwamba deni la aina hiyo halikuwa na msingi wa kisheria, mwaka uliofuata ikaahidi kurudisha fedha, na 2023 tume ya kifalme ya uchunguzi ikatoa ripoti nzito. Wapo wazazi waliosimama mbele ya tume ile kuzungumzia watoto wao waliojiua.

Kompyuta itumike kuonyesha wapi pa kuangalia. Kumwambia mtu "unadaiwa" kuwe na binadamu aliyefungua faili na kuweka saini yake.

karani_mstaafu

Na huyo binadamu awe na muda. Ukimpangia afunge mafaili mengi kwa siku, atasaini alichoandika kompyuta bila kukisoma. Nimeliona hilo kwa macho yangu.

binti_sheria

Mleta mada, swali la mwisho kwangu. Wewe ukipewa kuandika muswada, kuhusu kuanza kazi kwa wakala ungeandika nini?

Mleta mada

Ningeanza na fedha. Watu wengi hawajui kwamba sheria ya Marekani ya Agosti 1935 ilipita, bodi ikateuliwa, lakini muswada wa bajeti yake ukafia kwenye Seneti siku za mwisho za kikao, kwa sababu Seneta Huey Long alisimama kuhutubia na hakukaa. Bodi ikaanza kwa watu na fedha za kuazima kutoka idara nyingine. Kwa hiyo kifungu cha fedha za maandalizi kiwe ndani ya sheria yenyewe, kisisubiri bajeti ya mwaka ujao.

Pili, tarehe ya chombo kuzaliwa itenganishwe na tarehe ya kila fao kuhamia. Kila fao lihamie kwa tangazo lake, na waziri asiruhusiwe kulitoa hadi mkaguzi wa nje athibitishe kwamba fao lililotangulia linalipwa kwa wakati. Marekani malipo ya kwanza kabisa, Januari 1937, yalikuwa ya mkupuo, na mmoja wa waliolipwa wa mwanzo, dereva wa tramu wa Cleveland aitwaye Ernest Ackerman, alipata senti 17. Pensheni ya kila mwezi ilianza Januari 1940, ambapo Ida May Fuller wa Vermont alipokea dola 22.54. Katikati hapo walikuwa wanajenga daftari.

Tatu, ofisi ya zamani isifungwe siku ya kuhama. Iendelee kuwa na wajibu wa kisheria wa kumlipa kila ambaye bado hajaonekana kwenye orodha mpya, hadi aonekane.

Na nne, waziri na mkurugenzi wawajibike wao wenyewe wakiidanganya mahakama au bunge kuhusu utayari wa chombo. Afrika Kusini, Septemba 2018, Mahakama ya Katiba ilimwamuru aliyekuwa waziri, Bathabile Dlamini, alipe asilimia 20 ya gharama za kesi ya SASSA kutoka mfukoni mwake. Ningetaka kifungu cha namna hiyo kisomeke tangu siku chombo kinapoundwa, ili mkurugenzi anayeulizwa "mko tayari?" aweze kujibu "bado" bila kuogopa kupoteza kazi, na aogope kujibu "ndiyo" isiyo ya kweli.